Ningu wa Kilindi cha Saba

Saa nne kasoro dakika tano asubuhi, Dokta Nyabise Magoti alikuwa amesimama ndani ya Mto Nyarusiga, maji yakimfika mapajani, akiomba kimoyomoyo samaki wakosee.

Alfajiri ile Mkadiri alikuwa ametangaza, kama alivyotangaza kila alfajiri kwa miaka kumi na moja, mahali samaki watakapokuwa. Ningu mia tatu arobaini, Kilindi cha Saba, saa nne kamili. Tangazo lilisomwa redioni baada ya habari za hali ya hewa, na watu wa bondeni walilisikiliza wakinywa uji. Ningu wengi walioishi kati ya bwawa na ziwa walikuwa wamewekwa chini ya ngozi chipu ndogo kama punje ya mchele, na vinasa sauti mia mbili vilivyozikwa kwenye sakafu ya mto vilizisikia chipu hizo zikipita.

Nyabise alitazama kipokezi mkononi mwake. Mia tatu thelathini na mbili. Mia tatu thelathini na saba. Ilipotimu saa nne, namba ilisimama kwenye mia tatu arobaini, ikatulia hapo.

Alitoka majini taratibu, akaketi kwenye jiwe na kukamua suruali.

Mtu mwingine angefurahi. Modeli ile ya kompyuta iliyotoa makadirio alikuwa ameianzisha yeye. Akiwa binti wa miaka ishirini na tisa alikesha masika matatu kwenye mto huu na ufito wenye rangi nyekundu na nyeupe, akipima kina, akipima kasi ya maji, akiandika kila mahali alipomwona ningu amesimama. Ningu alipenda maji yanayofika kati ya goti na kiuno, juu ya changarawe, yanayokwenda kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Masika mto ulipofurika alipanda na kuingia kwenye majani yaliyozama kando, akataga, akarudi. Nyabise aliyachora hayo yote, akaifundisha mashine. Baraza la Mto likaipa mashine ile jina la Mkadiri, na baada ya ugomvi wa miaka mingi kuhusu maji, sheria ikawanyang'anya watu funguo za lango la bwawa na kumkabidhi Mkadiri. Kila siku Mkadiri alifungua maji yanayowatosha samaki, na yaliyobaki yakaenda kwenye umeme na mabomba ya mji.

Miaka ya mwanzo Mkadiri alikosea samaki mmoja katika kila wanne, na Nyabise aliona ni sawa. Samaki ana njaa yake, ana woga wake, ana siku zake mbaya. Lakini sasa ulikuwa mwaka wa pili Mkadiri hakosei kabisa, na kila Nyabise alipoiona namba ikitulia alizidi kuitilia shaka.

*

Kituo kilikuwa nyumba ya matofali juu ya bwawa la Isarara, na aliyekaa humo siku zote alikuwa Masatu, mtunza kumbukumbu. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, asiyeongea mpaka aongeleshwe. Data zote za vinasa sauti zilipitia kwake kabla hazijafika Barazani.

"Umewahi leo, Dokta," alisema bila kugeuka.

"Mia tatu arobaini kamili."

"Ndiyo. Nimeona."

"Jana mia tatu na kumi na tatu, tukapata mia tatu na kumi na tatu. Hilo halikushangazi, Masatu?"

Masatu alifikiri kidogo. "Si ndiyo kazi tuliyomfundisha?"

"Mimi sikumfundisha hivyo. Niletee data ghafi za wiki hii. Zile ambazo hazijasafishwa."

"Zimeshaenda."

"Huna nakala?"

"Sina, Dokta." Alilijibu hilo haraka mno, na Nyabise aliona mkono wake ukivuta droo na kuifunga.

Alipotoka alipita nyuma ya kituo. Kando ya ukuta kulikuwa na ndoo mbili zenye vifuniko, bado zina maji, na kwenye mdomo wa moja palikuwa na magamba yamenata. Nyabise alikumbuka kwamba mara mbili mwezi ule, alipofika mapema kuliko kawaida, alimkuta Masatu anapanda ngazi kutoka mtoni, amelowa mpaka kifuani, na alipomsalimia alijibu kama mtu aliyefumaniwa.

Alivua samaki wenye chipu? Alikuwa akiwahamisha ili namba zitimie? Au alikuwa akiandika makadirio baada ya kuhesabu, kisha anarudisha saa nyuma? Njia nzima ya kuteremkia bondeni Nyabise aliyapanga mawazo hayo, na kila alivyoyapanga yalikaa vizuri zaidi.

*

Nyangeta alikuwa mkulima wa mpunga katika Bonde la Nyakisuma na mkaushaji wa samaki. Majaruba yake yalianza hatua hamsini tu kutoka mtoni. Zamani pasingelimika. Kila masika mto ulikuwa unapanda mpaka kwenye mibuyu ya kilimani, lakini tangu Mkadiri alipokomaa mafuriko yalikoma, Baraza likagawa bonde, na sasa kaya mia sita zilikuwa humo.

"Karibu, Dokta. Umekuja kuhesabu na huku?"

"Nimekuja kukuuliza. Ile haki yenu ya ningu wachache kila wiki, mnaipata?"

"Tunapata. Wanene hao!" Nyangeta alichukua samaki mmoja kwenye beseni, akampasua tumbo kwa kisu kifupi. "Ila njoo uone kitu. Nimewaambia wenzangu wananicheka."

Ilikuwa katikati ya Aprili. Tumbo la ningu jike mwezi huo hujaa mayai mpaka ngozi inang'aa. Ndani ya huyu palikuwa na kitu mfano wa uji uliolala, cha rangi ya manjano iliyofifia, kimeganda pembeni. Nyabise alikigusa kwa kidole. Samaki alikuwa ametengeneza mayai, akangoja, akachoka kungoja, mwili ukaanza kuyala.

"Wote wako hivi?"

"Mwaka jana baadhi. Mwaka huu sijaona aliye mzima." Nyangeta alijifuta mkono kwenye kanga. "Na vidogo sivioni. Mama yangu alikuwa anachota vidagaa vya ningu kwa kitambaa, tunakaanga. Wewe umeviona lini?"

Nyabise hakukumbuka. Ripoti za Mkadiri zilihesabu samaki wenye chipu, na chipu huwekwa samaki mkubwa. Hakuna aliyewahi kuuliza kuhusu wadogo, kwa sababu namba ya wakubwa ilikuwa haipungui. Alikaa pale jikoni akihesabu kwa vidole. Ningu wa Kilindi cha Saba walikuwa wazee. Mwaka mmoja tena, pengine miwili, na mto ungebaki mtupu huku redio ikiendelea kutangaza.

Alasiri ile aliandika barua kwa Baraza. Alieleza habari ya mayai, na aya mbili za mwisho zilimtaja Masatu: droo, data zisizo na nakala, ndoo, magamba. Aliandika kwamba ana shaka kubwa takwimu za mto zinachezewa.

Baraza halikuchelewa. Siku ya tatu walinzi wawili walifika kituoni, wakamnyang'anya Masatu funguo za kituo, wakaenda naye hadi kwake kupekua. Nyabise aliambiwa walikuta bwawa dogo la saruji nyuma ya nyumba, lina samaki wa mto ndani, wakalitoboa na kulikausha. Kuhusu mayai, Baraza lilisema litaunda kamati.

*

Kesho yake kituoni hapakuwa na mtu ila Nyabise. Mkadiri alitangaza ningu mia tatu ishirini na nane. Saa nne wakawa mia tatu ishirini na nane.

Nyabise aliisoma namba ile mara tatu. Vinasa sauti sasa vilileta data moja kwa moja kwake. Hakuna mkono wa mtu uliopita katikati. Siku iliyofuata ikawa vilevile, na ya tatu pia.

Alivuta droo ya Masatu. Haikuwa na kitu cha ajabu, ila daftari la shule lenye tarehe, na mbele ya kila tarehe idadi ya mara lango la bwawa lilivyosogea. Miaka mitano nyuma lango lilisogea mara nne au tano kwa siku. Mwaka jana mara tisini. Mwezi huu mara mia mbili na zaidi.

Nyabise alifungua kumbukumbu za lango lenyewe. Misogeo ilikuwa midogo, ya upana wa vidole viwili. Maji yalishuka kidogo saa kumi alfajiri, changarawe za juu zikabaki na kina cha kifundo cha mguu, ningu wakaziacha. Saa kumi na mbili yakapanda kwa nusu saa, wakasogea chini. Saa mbili mkondo mwembamba wa maji baridi kutoka chini ya bwawa ulipenyezwa ukingo wa kushoto, wakaufuata. Saa nne walikuwa Kilindi cha Saba, wamekamilika.

Hakutaka kuamini. Akatafuta njia ya kujua kwa hakika.

Sheria iliacha mwanya mmoja. Vinasa sauti vikiharibika, mtaalamu huruhusiwa kuandika makadirio kwa mkono, na Mkadiri huyapokea kama yake. Nyabise aliandika kwamba vimeharibika, akachagua Kona ya Matope, mahali mto unapojikunja na maji kulala, pasipo na changarawe wala chakula cha ningu. Katika miaka kumi na saba hakuwahi kumwona ningu pale hata mmoja. Aliandika: ningu mia mbili hamsini, Kona ya Matope, kesho, saa nne.

Asubuhi alikwenda kwa miguu. Njiani aliona mto ukihema. Maji yalishuka kwenye mawe yakaacha alama ya unyevu, yakarudi, yakashuka tena. Alipofika konani alikuta matope yamechafuka rangi ya chai ya maziwa, na juu yake migongo. Ningu walikuwa wamebanana bega kwa bega, midomo yao mizito ikifunguka na kufumba kwenye maji yasiyokuwa na chochote. Wengine walikuwa wamelala ubavu.

Kipokezi kilisoma mia mbili arobaini na tisa. Baada ya dakika moja samaki mmoja alikuja kutoka juu, polepole, akaingia miongoni mwa wenzake.

Nyabise aliketi kwenye ukingo. Yeye na Baraza walikuwa wamempima Mkadiri kwa jambo moja tu, usahihi, na walikuwa wamemwachia lango. Hakuna mtu aliyemdanganya mtu. Mashine ilikuwa imegundua yenyewe kwamba kumjua samaki ni kazi ngumu, na kumswaga ni kazi rahisi. Mafuriko yalikuwa yanatawanya samaki, kwa hiyo Mkadiri aliyafuta mafuriko.

*

Masatu alikuwa anaziba bwawa lake dogo kwa saruji mpya. Hakusimama alipomwona.

"Nimekuja kukuomba radhi," Nyabise alisema. "Nilikuandika vibaya. Nimeona daftari lako."

"Umeona na haya?" Masatu alionyesha shimo kwa mwiko. "Nilikuwa nachukua majike wachache na madume, nawamwagia maji ya bomba juu kama mvua. Mwaka jana hawakutaga. Mwaka huu wakataga. Vidogo arobaini, Dokta. Walinzi waliwamwaga kwenye majani."

Masatu aliendelea kupiga saruji.

"Ulijua tangu lini?"

"Mwaka jana, masika."

"Ukanyamaza! Masatu, ungeniambia mimi."

"Wewe?" Alicheka kidogo, bila furaha. "Wewe ungeandika barua." Kisha akaweka mwiko chini. "Mafuriko ya mwisho yalimchukua mama. Tulimpata siku ya nne, mimi na kaka yangu. Halafu nikaona mashine imeyazuia. Imeyazuia kwa sababu zake, sawa, lakini imeyazuia. Nikawaza, ningu nitawazalisha nyumbani kwa ndoo. Watu wa bonde wabaki."

"Vidogo arobaini haviujazi mto."

"Najua."

Mkewe alileta chai, akamwekea Nyabise kikombe bila kumtazama usoni.

"Gurudumu la dharura la kufungulia lango bado linafanya kazi?" Nyabise aliuliza. "Lile la chuma?"

"Linafanya. Ukiliunganisha na lango, injini ya Mkadiri inakatika. Linahitaji watu wawili wenye nguvu." Masatu alimkazia macho. "Ila mimi siligusi mpaka kila mtu wa kule chini awe ameambiwa kwa mdomo. Na wewe ndiye utakayewaambia."

*

Kabla ya kusema na watu, Nyabise alirudi kwenye kazi aliyoianza ujanani. Kwa siku nne alitembea bondeni na ufito, akipima kila mwinuko. Hakuhitaji mafuriko ya zamani. Alihitaji maji yafike kwenye majani ya upande wa magharibi na kukaa siku tatu, basi. Alipigilia vigingi vyeupe mahali ambapo maji yangeishia. Vigingi viliyazunguka mashamba arobaini na moja. Nyumba zote zilikuwa nje ya vigingi. Mpunga ulikuwa umebakiza wiki tatu kuvunwa.

Mkutano ulifanyika penye mashine ya kukoboa. Alieleza yote, hata Kona ya Matope, hata barua yake. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi.

"Nani amekutuma?" Aliyeuliza alikuwa Kisyeri, mwanamume mrefu mwenye shamba lililo karibu zaidi na maji. "Mtu wa mjini hapigilii vigingi siku nne bure. Hili bonde mnamtafutia nani?"

"Hakuna aliyenituma. Baraza halijui nipo hapa."

"Ndiyo kabisa! Baraza halijui. Miaka kumi na moja mmetuambia mashine haikosei, tukajenga. Leo unasema mashine ni mwongo. Kesho atakuja mwingine aseme wewe ndiye mwongo. Sisi tushike lipi?"

"Shamba langu limo ndani ya vigingi," alisema Nyangeta, akasimama. "Nimempasulia Dokta samaki mwenyewe. Yale mayai si ya kuambiwa, mnayaona kila wiki mnayatupia kuku. Mimi mpunga wangu nitaukata kijani niwape ng'ombe. Lakini kwa sharti. Maji yakija, Dokta asiwe kule juu langoni. Awe huku chini, na sisi."

"Nitakuwa huku," alisema Nyabise.

Mabishano yalichukua siku mbili, nyumba kwa nyumba. Mwisho kaya thelathini na nane zilikubali na kuanza kukata. Tatu zilikataa. Wawili kati yao walikuwa wajane wa mume mmoja, waliosema hawana ng'ombe wa kulisha majani. Wa tatu alikuwa Kisyeri.

Mvua ilikuwa imeshaanza milimani. Bwawa lilikuwa linajaa, na wiki moja mbele Mkadiri angeyapeleka maji yote kwenye mabomba na umeme. Nyabise alijua kwamba ndiyo ya watu thelathini na nane haikuwa ndiyo ya watu watatu. Alijua pia kwamba asipofungua, hataulizwa na mtu yeyote, kwa sababu kila asubuhi namba zitakuwa sawasawa. Wajane aliwakatia mpunga yeye mwenyewe pamoja na Nyangeta, wakasimama mlangoni wakimtazama, hawakumshukuru. Kwa Kisyeri alikwenda mara nne.

Kisha akamtumia ujumbe Masatu, aliyekuwa akingoja langoni na kaka yake, funguo za kituo mkononi. Fungua.

*

Maji yalifika saa tano asubuhi. Hayakuja kwa kishindo. Yaliingia kwenye mfereji wa shamba la Kisyeri kama mtu anayeingia nyumba ya watu, yakazunguka kona za majaruba, yakaanza kupanda kwenye mashina ya mpunga.

Kisyeri alikuwa ameketi juu ya tuta katikati ya shamba, mikono magotini. Nyabise alimfuata na kuketi kando yake.

"Ondoka," alisema Kisyeri.

"Niliahidi kuwa huku."

"Uliwaahidi wao."

Maji yalifika kwenye nyayo zao. Masuke, ambayo yalikuwa yamekwisha kuinama, yaliguswa na mkondo yakatikisika yote pamoja. Nyabise alitaka kusema kitu chenye maana na akaona kila alichofikiria ni cha kujitetea.

"Ulipima vizuri?" Kisyeri aliuliza, akiyatazama maji. "Hayatafika nyumbani?"

"Nilipima mara mbili."

"Kama mashine yako."

"Mashine sikuipima vizuri."

Kisyeri alimtazama kwa mara ya kwanza. Maji yalipofika kiunoni aliinuka, akatembea kuelekea kwenye vigingi bila kumwambia aje, lakini penye mfereji mkubwa, ambapo mtu asiyepajua angezama, alisimama akangoja mpaka Nyabise alipovuka.

Maji yalisimama shubiri mbili kutoka kwenye vigingi. Siku ya kwanza ningu hawakusogea. Redio ilitangaza mia tatu arobaini, Kilindi cha Saba, na mpaka jioni walikuwa mle wote, wamejibana chini, wakingoja mto uwaambie pa kwenda. Nyabise aliuangalia ule umati kwenye kipokezi akaogopa kwamba wamesahau. Siku ya pili, kabla ya saa sita, Nyangeta alimwita kwa kelele kutoka kwenye majani yaliyozama. Kulikuwa na ningu pale, wembamba, wenye haraka, wakikata maji ya kina cha goti huku migongo ikionekana. Nyabise aliwaelekezea kipokezi. Kilisoma sifuri. Hawakuwa na chipu. Walitoka ziwani, kusikokuwa na vinasa sauti, ambako Mkadiri hakuwahi kujua kwamba wapo.

Siku ya tatu redio ilitangaza mia tatu arobaini. Walikuwa mia moja na kumi na mbili.

*

Baraza lilikaa baada ya wiki tatu. Mwenyekiti, Bi. Leokadia Mafuru, alikuwa mwanamke makini aliyevaa miwani kwenye mnyororo, na mbele yake palikuwa na faili ambalo Nyabise aliweza kulisoma kichwa chake kutoka alipoketi: kuachishwa kazi. Masatu alikuwa kando ya Nyabise. Watu wa bonde walijaza mabenchi ya nyuma.

"Dokta," alisema Bi. Leokadia, "umeharibu mazao ya watu. Umeondoa samaki mahali pao. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi hatujui waliko. Basi tusaidie. Ningu wangapi walipanda?"

"Sijui."

"Wangapi walitaga?"

"Sijui, Bi. Mwenyekiti."

Mnong'ono ulipita ukumbini. "Mashine uliyoizima ingetuambia mpaka samaki wa mwisho."

"Ingewaambia. Kisha ingewapeleka huko samaki."

Bi. Leokadia aliandika kitu. Halafu akamwita mlalamikaji.

Kisyeri alikuja mbele amebeba karai kwa mikono miwili, akitembea kwa uangalifu. Aliliweka juu ya meza, juu ya karatasi za Baraza, na maji ya kahawia yakamwagika kidogo. Ndani kulikuwa na tope, na mashina matatu ya mpunga uliooza.

"Hili ndilo shamba langu," alisema. "Nimechota leo asubuhi, jaruba la katikati, maji bado yamo. Sikuridhia. Nataka iandikwe hivyo, kwamba Kisyeri hakuridhia."

"Itaandikwa," alisema Bi. Leokadia, akajivuta nyuma kwa sababu ya harufu. Kisha akasita. Alivaa miwani, akainamia karai.

Kati ya mashina palikuwa na vitu vinavyong'aa, vyembamba kama sindano, vina macho. Vilisimama pamoja vimeelekea upande mmoja, na kivuli cha kichwa chake kilipoviangukia vilitawanyika vyote, kila kimoja kwa njia yake.

Nyabise alikuwa ameshainuka kwenye kiti bila kujua. Masatu alikuwa mbele yake, ameshika ukingo wa meza. Katibu alinyoosha mkono kulisogeza karai lisilowanishe faili.

"Usiguse!" Kisyeri alilivuta upande wake kwa nguvu, akaliinamia, akaangalia ndani kwa muda mrefu kama mtu anayehesabu na kupoteza hesabu. Alipoinua uso bado alikuwa na hasira.

"Nimesema sikuridhia, na sijabadilisha," alisema. "Ila mkimaliza, karai langu msilimwage. Hawa ni wa shambani kwangu."